Mwongozo wa safari ya kwanza Jericoacoara, mji wa ufukweni wa Brazili

Jericoacoara, ambao wenyeji na wageni huufupisha kwa kuuita Jeri, ni mji mdogo wa ufukweni katika jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazili, yapata kilomita 300 magharibi mwa Fortaleza, makao makuu ya jimbo hilo. Barabara zake ni za mchanga mtupu. Umeme uliingia mwaka 1998 kwa nyaya zilizofukiwa ardhini, na hadi leo hakuna taa za barabarani. Mji wenyewe umezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Jericoacoara, iliyoanzishwa mwaka 2002, na kwa hiyo hakuna njia ya kuufikia kwa gari isipokuwa kwa kukatiza mchangani. Ukichanganya mambo hayo na jingine moja, yaani kupwa na kujaa kwa maji, umepata sababu ya karibu kila ushauri utakaofuata hapa. Mgeni anayepanga siku zake kwa kufuata orodha ya vivutio pekee huishia kukuta njia imefunikwa na bahari. Anayeanza kwa kuuliza maji yanapwa saa ngapi hupata nafasi ya kuona vyote bila haraka.

Kuchagua majira

Mvua za Ceará hunyesha zaidi kati ya Februari na Mei. Si mvua za kutwa nzima, lakini zinatosha kuharibu mpango wa mtu mwenye siku chache. Mvua hizo ndizo zinazojaza maziwa ya maji baridi yaliyotapakaa kati ya vilima vya mchanga, na ndiyo maana maziwa hayo hupendeza zaidi kuanzia Juni hadi Septemba hivi, kabla jua halijayapunguza. Kuanzia Julai hadi Januari huvuma upepo mkali wa mashariki, na wakati huo Jeri na kijiji jirani cha Preá hujaa watu wanaoteleza juu ya maji kwa ubao wenye tanga au kwa kuvutwa na tiara kubwa. Upepo huo una manufaa kwa wanamichezo. Kwa mtu aliyekuja kulala ufukweni akisoma kitabu ni adha, kwa kuwa mchanga humpiga miguuni mchana kutwa. Kama hushiriki michezo ya upepo, mwezi wa Juni ni chaguo zuri kuliko yote: mvua zimepungua, maziwa yamejaa, upepo haujapamba moto, na likizo ya shule za Brazili ya mwezi Julai haijaanza. Mwisho wa Desemba, Januari yote na wiki ya Kanivali ni vipindi vya msongamano ambapo bei za vyumba hupanda sana na nyumba za wageni nyingi hazikubali mtu wa usiku mmoja.

Kufika

Ziko njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuruka moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Jericoacoara, uliofunguliwa mwaka 2017 katika wilaya ya Cruz, ambao hupokea ndege za ndani kutoka São Paulo na miji mingine michache. Ya pili, ambayo ni ya gharama nafuu na yenye mengi ya kutazama, ni kufika Fortaleza kwanza na kumalizia kwa barabara. Anayesafiri kutoka Afrika Mashariki anaweza kupitia Addis Ababa, ambako shirika la ndege la Ethiopia huruka hadi São Paulo kwa zaidi ya saa 12, au kupitia Lisbon au Paris, miji yenye ndege za moja kwa moja hadi Fortaleza. Kwa anayepitia São Paulo, liko jambo moja linalowashtua wengi: hata kama tiketi yako ni moja hadi mwisho wa safari, utagongewa muhuri wa pasipoti, utachukua mizigo yako na kupita forodha katika uwanja wa kwanza unaotua ndani ya Brazili, kisha utaikabidhi mizigo upya kwa ajili ya ndege ya ndani. Acha angalau saa tatu kati ya ndege hizo mbili. Kuhusu viza, masharti hutegemea pasipoti uliyonayo na hubadilika, hivyo ubalozi wa Brazili ndio wa kuulizwa, tena kabla ya kulipia tiketi.

Mabasi ya Fortaleza hutumia saa sita hadi saba na huishia Jijoca de Jericoacoara, mji wenye lami ulio nje ya hifadhi. Hapo abiria huhamia jardineira, yaani lori la wazi lenye viti vya mabenchi na paa juu, na kwa kawaida nauli yake imo ndani ya tiketi ya basi, ila hakikisha kabla ya kununua. Tazama anachokifanya dereva kabla ya kuingia mchangani: hushuka, huzunguka gari na kutoa upepo kwenye kila tairi hadi lilegee na kutandaa chini, kwa sababu tairi lililojaa huchimba mchanga na kuzama, ilhali lililolegea hupita juu yake. Magari madogo ya kukodi yasiyo na nguvu kwenye magurudumu yote manne hayafiki. Wenye nayo huyaacha kwenye maegesho ya kulipia na kumalizia safari kwa gari la wenyeji. Hata wenye magari yanayoweza kupita hawaruhusiwi kuzunguka nayo ovyo mjini, maana maegesho ya wageni yako mlangoni mwa mji. Kwa anayekuja mara ya kwanza, sioni faida yoyote ya kujiendesha.

Halmashauri ya wilaya hutoza kila mgeni kodi ya utalii kabla ya kuingia mjini. Unaweza kuilipa kwa mtandao ukiwa bado uko mbali, ukahifadhi stakabadhi kwenye simu, au kuilipa kwenye kituo cha mlangoni. Ya mtandaoni ni bora, kwa kuwa lori likifika na abiria thelathini ambao hawajalipa, foleni ya hapo huwa si ndogo. Na panga kufika mchana. Mtu anayeshushwa usiku katika mji usio na taa, akiwa na sanduku mkononi na jina la nyumba ya wageni asiyoijua, hupata taabu ambayo saa mbili tu za mapema zingemwepusha nayo.

Mizigo

Sanduku la magurudumu halina kazi Jeri, kwa sababu magurudumu huzama na utalibeba kichwani au kulikokota kama jembe. Chukua begi la mgongoni au begi laini la mikanda. Viatu vya kutosha ni kandambili pamoja na jozi moja ya viatu vyepesi vilivyofunika vidole, kwa ajili ya kutembea kwenye miamba. Tochi ndogo ni ya lazima. Simu nayo humulika, lakini upepo wa mchanga si rafiki wa simu, na mfuko wa plastiki unaofungika vizuri utaokoa simu na kamera.

Mji uko chini kidogo ya digrii 3 kusini mwa ikweta, na jua lake ni kali kuliko linavyohisiwa, maana upepo hupoza ngozi wakati inaungua. Beba mafuta ya kukinga jua ya kutosha, shati jepesi la mikono mirefu na kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Isiyo na kamba itaondoka siku ya kwanza. Umeme wa Ceará ni wa volti 220, na soketi za Brazili hupokea plagi yenye pini za mviringo, mbili au tatu, hivyo mwenye plagi ya pini za bapa anahitaji adapta.

Fedha na mawasiliano

Sarafu ni reali. Kadi za benki hupokewa karibu kila mahali, hata na wachuuzi wa ufukweni wenye kimashine mfukoni. Ukiulizwa débito au crédito, kadi ya kigeni kwa kawaida hupita kwa kuchagua crédito, na mashine ikikupa hiari ya kulipa kwa sarafu ya kwenu au kwa reali, chagua reali, kwa sababu kiwango cha kubadilisha wanachokupa papo hapo huwa kibaya. Wabrazili wenyewe hulipana kwa Pix, mfumo wa malipo ya papo kwa papo ulioanzishwa na Benki Kuu yao mwaka 2020, lakini unahitaji akaunti ya benki ya Brazili, kwa hiyo usiutegemee. Chukua reali taslimu kiasi ukiwa Fortaleza, nyingi ziwe noti ndogo, maana mashine za kutolea fedha mjini Jeri ni chache na siku za msongamano huishiwa.

Kiingereza hueleweka katika nyumba za wageni na shule za michezo ya upepo, si zaidi sana. Bom dia asubuhi, boa tarde mchana, boa noite usiku, na obrigado kwa mwanamume anayeshukuru au obrigada kwa mwanamke, vitakufungulia milango mingi. Jifunze pia kuuliza maré baixa, maji kupwa, na maré alta, maji kujaa. Pakua programu ya tafsiri yenye Kireno kisichohitaji intaneti kabla ya kuondoka nyumbani, na kama simu yako inakubali laini ya kielektroniki (eSIM), nunua kifurushi mapema, kwa sababu kusajili laini ya kawaida kwa pasipoti huchukua muda katika maduka mengi.

Kupanga siku kwa kufuata maji

Bahari ya hapa hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kila siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa huweza kufikia kama mita 3, na ufukwe uliokuwa mpana kiasi cha kuchezea mpira hubaki ukanda mwembamba. Jeshi la Wanamaji la Brazili huchapisha majedwali ya maji, na nyumba za wageni nyingi huandika saa za siku kwenye ubao. Zinakili kila asubuhi kabla ya kupanga lolote.

Umuhimu wake utauona hasa kwenye safari ya Pedra Furada, mwamba mkubwa uliotobolewa na mawimbi katikati ukawa kama lango, ulio mashariki mwa mji. Iko njia ya juu, inayopanda kilima cha Serrote na kushuka upande wa pili, na iko njia ya chini, inayofuata ufuo kupitia ufukwe wa Malhada. Ya chini ni nzuri zaidi, kwani hupita chini ya miamba yenye rangi ya kutu na kando ya vidimbwi vya maji safi vilivyoachwa na bahari, lakini hupitika maji yakiwa yamepwa tu. Ondoka mjini kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, tembea bila haraka, na uanze kurudi mara tu uonapo maji yamegeuka. Ukichelewa, usijaribu kuvuka miamba huku mawimbi yakikupiga. Panda na kurudi kwa njia ya kilimani. Miamba yenye mwani huteleza vibaya, na hapo ndipo vile viatu vilivyofunika vidole vinapolipa gharama yake. Beba maji ya kunywa, kwani huwezi kuwa na uhakika wa kukuta muuzaji. Mwezi wa Julai wapiga picha hujazana hapo jioni, kwa sababu ndicho kipindi ambacho jua linapozama huonekana ndani ya tundu la mwamba. Anayetaka utulivu aende asubuhi.

Jioni karibu mji mzima huelekea Duna do Pôr do Sol, kilima cha mchanga kilicho magharibi mwa ufukwe. Pwani ya Brazili kwa sehemu kubwa hutazama mashariki, hivyo ni mahali pachache nchini humo ambapo jua huzama baharini, na Jeri, kwa kuwa iko kwenye rasi iliyochomoza, ni mojawapo. Machweo huwa kati ya saa 11:30 na saa 12 jioni mwaka mzima. Panda nusu saa kabla, na mara jua linapotoweka utasikia umati ukipiga makofi. Kilima hicho kimekuwa kikipungua kimo mwaka hadi mwaka, kwa sababu upepo huusukuma mchanga wake baharini, kwa hiyo usishangae kukiona kidogo kuliko kwenye picha za zamani. Baada ya machweo shuka taratibu na ubaki ufukweni, maana aghalabu vijana hufanya duara la capoeira, mchezo wa Kibrazili unaochanganya mapigano na ngoma, hapo chini, na mikokoteni ya wauza vinywaji hupangwa mwishoni mwa barabara kuu.

Matembezi ya mbali hufanywa kwa buggy, kigari cha wazi cha kupita mchangani, au kwa gari kubwa la magurudumu manne yenye nguvu. Bei ya buggy hutajwa kwa gari zima, na gari hubeba hadi wageni wanne, hivyo wasafiri wa pekee hujikusanya kwenye nyumba za wageni usiku wa kuamkia safari. Tumia dereva aliyesajiliwa na mkubaliane mapema juu ya vituo vyote na saa ya kurudi. Upande wa mashariki kuna Lagoa do Paraíso, ziwa la maji ya kijani kibichi lenye machela zilizofungwa kwenye nguzo ndani ya maji, ambapo unaweza kulala mgongo ukilowa. Migahawa ya kando ya ziwa huweka masharti tofauti: mingine hutoza kiingilio, mingine hutaka ununue chakula cha kiasi fulani, basi uliza kabla ya kukalia kiti. Upande wa magharibi njia hufuata ufukwe hadi Guriú, ambapo wavuvi huwapeleka wageni kwa mtumbwi kati ya mikoko kuwatazama farasi wa baharini, kisha huendelea hadi Tatajuba, kijiji kilichofukiwa na mchanga unaohama na kulazimika kujengwa upya mahali pengine. Kama una siku moja tu ya kutoka, mimi ningechagua magharibi, kwa sababu ziwa zuri linapatikana kwingi lakini kijiji kilichomezwa na mchanga hakipatikani kwingi. Safari hii nayo hutegemea maji, na dereva mwenyewe ndiye atakayepanga saa ya kuondoka, msibishane naye.

Anayetaka kujifunza kuteleza kwa tanga au tiara atafute shule yenye walimu wenye vyeti na aanze kwa masomo ya siku kadhaa, si saa moja ya majaribio. Kuogelea mbele ya mji hakuna hatari kubwa, kwani maji ni ya kina kifupi kwa umbali mrefu, ila kaa mbali na eneo la mbao za tanga.

Kula

Kifungua kinywa huwa ndani ya bei ya chumba katika nyumba za wageni nyingi, na ni kikubwa: matunda, mayai, keki, na tapioca, yaani chapati nyeupe ya wanga wa muhogo inayokaangwa mbele yako bila mafuta na kujazwa jibini au nazi. Mchana tafuta sahani ya prato feito, ambayo ni wali, maharage, saladi na samaki au nyama kwa bei nafuu. Hupatikana zaidi kwenye barabara za nyuma kuliko zile zinazotazama bahari. Chakula cha kujivunia cha Ceará ni baião de dois, wali uliopikwa pamoja na kunde na kuchanganywa na jibini, na ufukweni utamwona mchuuzi akichoma vipande vya jibini ya queijo coalho kwenye vijiti juu ya jiko dogo la makaa analolibeba mkononi. Kamba na samaki ni wengi. Bili ya mgahawa huwa na asilimia 10 ya huduma, ambayo kisheria ni hiari ingawa wengi huilipa, na palipo na mwanamuziki unaweza kukuta pia ada ya muziki kwa kila mtu. Caipirinha, kinywaji cha pombe ya miwa, ndimu na sukari, huteremka kwa urahisi na kulevya haraka, hasa kwa mtu aliyeshinda juani.

Afya na usalama

Mbu wanaoeneza homa ya dengi huuma mchana, kwa hiyo dawa ya kufukuza mbu ipakwe asubuhi na si usiku tu. Kutembea peku ni desturi ya mji, lakini mchangani mwa nyuma ya nyumba, panapopita punda na mbwa, vaa kandambili kwa ajili ya funza. Mdudu huyo, kwa taarifa, asili yake ni bara hilihili, na aliletwa Afrika na meli iliyotoka Brazili na kutia nanga Angola mwaka 1872. Ukihisi mwasho na kuona kidoa cheusi kidoleni, nenda kituo cha afya atolewe kwa sindano safi.

Huduma za dharura katika hospitali za umma za Brazili ni bure hata kwa mgeni, lakini hospitali kubwa ziko mbali na Jeri, hivyo bima ya safari inayogharimia kusafirishwa ni ya maana. Namba za kukumbuka ni 190 ya polisi, 192 ya gari la wagonjwa na 193 ya zimamoto. Ndani ya Jeri watu hutembea usiku bila hofu kubwa, ingawa kuacha simu kwenye taulo ukaenda kuogelea si busara. Fortaleza ni jiji kubwa na lataka tahadhari zaidi: usitembee ukiwa na simu mkononi, na usiku tumia teksi inayoitwa kwa programu ya simu hata kwa umbali mfupi.

Kurudi

Kata tiketi ya kurudi Fortaleza mara tu unapofika, kwani Jumapili na mwisho wa likizo viti huisha. Usiunganishe gari la kutoka Jeri na ndege ya kimataifa siku hiyohiyo. Mvua moja kubwa au lori lililokwama mchangani laweza kula saa nzima au zaidi, kwa hiyo lala Fortaleza usiku mmoja. Na kwa kuwa nchi nyingi humtaka msafiri anayetoka Brazili aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hakikisha umechanjwa siku 10 au zaidi kabla ya kuanza safari, na cheti kikae pamoja na pasipoti, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege.